Kalia mikono

Nianze na kosa langu maana hayo mengine yote yametokea hapo. Mwaka 2021 katikati nilimnunulia Baba simu ya tachi pale Mwanjelwa, Mbeya. Alikuwa kastaafu ualimu mwaka mmoja nyuma, ana miaka 61, ana kitochi chake ambacho chaji inakaa wiki nzima na alikuwa anakipenda kuliko baadhi yetu watoto wake. Simu mpya hakuiomba yeye. Iliyoiomba ni parachichi. Wakulima wenzake wa hass kule Rungwe walishafungua grupu la WhatsApp, bei inasemwa humo, gari la mnunuzi linapita lini inasemwa humo, yeye habari anazipata jioni kwa jirani zikiwa zimeshapoa, mara mbili akauza bei ya wiki iliyopita.

Basi Jumamosi nikapanda gari Uyole, tukapita Isyonje kwenye ukungu ule wa kawaida, saa nne asubuhi dereva kawasha taa utadhani usiku, mpaka Kiwira, afu bodaboda. Nimefika, salamu zetu za Kinyakyusa, mugonile tata, chai, ndizi za kuchemsha, tukakaa barazani. Sasa jamani, hapo wamekaa walimu wawili. Mimi nafundisha Kiswahili sekondari miaka kumi na kitu, Baba kafundisha shule ya msingi tangu 1977 hadi 2020, hesabu mwenyewe. Ungedhani kazi itaenda.

Nilimfundisha kama lisaa lizima. Yani nikisema nilimfundisha nadanganya, nilikuwa nafanya mwenyewe yeye ananiangalia. Baba unagusa hapa, afu hapa, inafunguka, unaandika, unatuma, umeona? Akasema nimeona. Nikampa. Akaishika kwa mikono miwili kama mtu kapewa kikombe cha chai kimejaa hadi mdomoni, kidole kikaenda taratibu, kikasimama hewani, kikarudi.

"Hapa?"

"Ndiyo Baba hapo hapo."

"Nikigusa haitaharibika?"

"Haiharibiki."

Kidole bado hewani. Mi nikashindwa, nikasema lete. Nikaichukua nikagusa mwenyewe. Na ikawa hivo mchana kutwa, lete nikuonyeshe, lete kwanza, lete Baba utafuta. Jioni naondoka hajui hata kupokea simu, maana kwenye ile simu kupokea siyo kubonyeza ni kuburuta, na mimi kwa jinsi nilivyozoea hata sikukumbuka kwamba kuburuta ni kitu cha kufundishwa.

Baada ya wiki mbili napiga haipokelewi. Nampigia kwenye kitochi, kapokea mlio wa kwanza tu. Simu mpya iko wapi? Iko kabatini, nimeifunga kwenye kitenge cha mama yako, naitunza isije ikapata vumbi. Naitunza!

Nilikasirika, sitaki kusema uongo. Nilimsimulia mwalimu mwenzangu mmoja ofisini akacheka akasema wazee ndo walivyo, vichwa vimeshafunga, na mimi nikacheka naye. Leo nikikumbuka kile kicheko naona aibu.

Nilivyorudi kumwona nilitaka kumsema kidogo, kwa heshima lakini nimseme. Yeye akaanza kunisimulia habari za redio. Babu yangu alikuwa na redio moja ya betri, kwa kijiji kile enzi hizo ni kama leo mtu awe na gari. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya, Redio Tanzania inarusha kipindi, watu wanakusanyika kwenye vikundi wanasikiliza, kuna na kijitabu chake, wakimaliza wanajadiliana afu wanaenda kufanya kweli, kuchimba vyoo, kufyeka nyasi karibu na nyumba. Kikundi kimoja kilikuwa kinakaa uani kwa babu. Redio inatolewa ndani imefunikwa kitambaa, inawekwa kwenye kigoda, anayeruhusiwa kugusa kile kitufe cha kuzungusha ni babu peke yake. Betri zikichoka zinaanikwa juani zipate nguvu kidogo, watoto mnakaa mbali mnazilinda kuku asizigonge. Baba alikuwa na miaka 13. Siku moja babu kaenda shamba, Baba akasema ngoja na mimi nizungushe. Mshale ukahama, stesheni ikapotea, na kelele za kutafuta zikamaliza betri. Alichapwa, na kipindi cha wiki ile kikundi kizima hawakusikia kitu, mpaka kahawa ilipouzwa ndo betri zikanunuliwa. Wazee wakawa wakimpita njiani wanamwangalia tu.

Nikanyamaza kabisa. Kile kidole kilichokuwa kinasimama hewani barazani, kumbe kilichapwa mwaka 1973.

Afu fikiria mwanangu. Yeye kazaliwa 2011, ana miaka miwili alishanifutia picha za harusi ya mdogo wangu, nikazirudisha. Kanibadilishia lugha ya simu ikawa maandishi sijui ya Kichina sijui ya wapi, fundi pale Kabwe kairudisha kwa elfu mbili. Kila alichoharibu kilirudi. Kwa hiyo mwilini mwake hakuna kabisa ile habari kwamba ukigusa vibaya kijiji kizima kinakosa redio. Watu wanasema watoto wa sahivi wamezaliwa na akili ya teknolojia, mi siamini, naona wamezaliwa wakati ambapo kukosea ni bure. Na sisi wa katikati, tuliojifunzia kompyuta kwenye intaneti kafe kwa kulipia dakika, tuko nusu nusu, tunagusa lakini roho iko juu.

Turudi kwa Baba. Alivyomaliza ya redio akaniambia kitu kingine. Baba ni mwalimu wa UPE, wale wa Azimio la Musoma la 1974, serikali ilisema elimu ya msingi kwa wote na walimu hawatoshi, basi wakachukua vijana waliomaliza darasa la saba wakawafundisha ualimu wakiwa vijijini huko huko. Sehemu ya siku unafundisha watoto, sehemu ya siku unafundishwa wewe, masomo mengine yanakuja kwa posta, mengine kwa redio, mwisho wiki chache chuoni. Watu wamewacheka sana walimu wa UPE, najua, na mimi nilishawahi kutaniwa chuoni kwa sababu ya Baba. Sasa kule kituoni kwao mkufunzi akija kukuangalia unavyofundisha alikuwa anakaa dawati la nyuma kabisa, na alikuwa na tabia moja, anakalia mikono yake. Anaiweka chini ya mapaja anaikalia. Ukikosea hesabu ubaoni anakuangalia. Ukikwama anakuangalia. Watoto wenyewe wanaanza kunong'ona, we jasho linakutoka, yeye kakalia mikono, mpaka unajua ulipokosea unafuta mwenyewe. Siku moja Baba akamuuliza mbona hukuja kunisaidia, akajibu ningekuja chaki ingekuwa mkononi mwangu.

Baba akaenda kabatini, akafungua kitenge, akaniwekea simu mezani akasema, "Haya mama, kalia mikono."

Mnaocheka jaribuni. Mimi nilidhani ni kitu cha dakika kumi. Kukaa unamwangalia mtu anatafuta kitu ambacho wewe unakiona kabisa kiko pale kona ya chini kulia, kijani, kinawaka, na yeye anatafuta juu kushoto, jamani ni mateso. Mikono inawasha. Nilikuwa nasema "chini Baba" naye ananiambia mdomo nao ukalie. Alitumia karibu robo saa kufungua grupu la parachichi. Alipitia kwenye kamera, akapitia kwenye kikokotoo (cha simu, siyo kile cha mafao, kile kilishamuumiza kichwa vya kutosha), akajipiga picha ya kidevu kwa bahati mbaya. Alipofika akakuta meseji 417 hazijasomwa. Akavaa miwani akaanza kuzisoma moja moja tangu ya kwanza, kwa utaratibu, mpaka mama akaja kusema chakula kimepoa.

Sasa hapa niingize habari ya corona maana ilitangulia lakini mi niliielewa nyuma. Shule zilivyofungwa Machi 17 mwaka 2020 nilimpeleka mwanangu kwa babu yake, alikuwa darasa la tatu. Tukaambiwa kuna vipindi vya masomo redioni na kwenye TV. Mwanangu yeye alitaka kuangalia amelala kwenye kochi kama anavyoangalia katuni. Babu yake akakataa. Nilikuwa napiga simu mtoto analia, mama babu ananinyima kukaa kwenye kochi. Utaratibu wa Baba ulikuwa huu, dakika tano kabla ya kipindi unakaa mezani, daftari limefunguliwa, penseli imechongwa, umeandika tarehe. Kipindi kikianza huongei. Kikiisha TV inazimwa, unamsimulia babu ulichosikia, ukishindwa kusimulia basi hukusikia. Mtoto anasema babu si tutaangalia tena baadaye, babu anasema redio hairudii. Babu ile ni TV. Hata TV.

Mpaka shule zinafunguliwa Juni 29 mtoto kanirudia ana madaftari matatu yamejaa. Nikajua ni ukali tu wa babu. Sikujua kwamba yule mzee ndivyo alivyosomea ualimu. Yeye amesoma kwa chombo ambacho kikisema kimesema, ukisinzia imekula kwako mpaka wiki ijayo, au mpaka milele. Mtu aliyesoma hivo ana sikio ambalo mimi sina, na mwanangu ndo kabisa, maana kila kitu chake kinarudi nyuma, kinasimama, kinaongezwa spidi, tena video ya somo anaitazama kwa spidi ya mara mbili afu anarudia mara nne, piga hesabu mwenyewe hapo kaokoa nini.

Hofu ya kugusa na umakini wa kusikiliza kwa Baba vimetoka kwenye redio ile ile. Nami nilikuwa nataka nimtoe moja nisiguse nyingine.

Shuleni kwetu nako kulikuwa na kesi yake. Vile vishikwambi vilivyotumika kwenye sensa ya Agosti 2022 viligawiwa kwa walimu, nasi vikatufikia. Tuna mzee mmoja wa Jografia, sitamtaja, mtu ambaye anachora ramani ya Afrika ubaoni kwa chaki bila kuangalia popote, anaanzia Moroko anashuka anazunguka Rasi ya Tumaini Jema anapanda na pembe ya Somalia mpaka anakutana na alipoanzia, darasa zima wanamfuata na kalamu zao, Madagaska anaiweka mwisho kama nukta. Huyu kishikwambi chake alikifungia kwenye droo na ufunguo akawa anatembea nao. Ukimuuliza anasema ni mali ya serikali, kikivunjika nani anakatwa mshahara? Unaona, redio ya babu ile ile.

Tatizo mambo yakaanza kuhamia mtandaoni. Ruhusa, uhamisho, kujaza kazi ulizofanya, kila kitu kina mfumo na kila mfumo una nywila yake. Vijana wawili wa ajira mpya, watoto wazuri tu wenye moyo, wakamsaidia. Walimsaidia hivi, walichukua nywila zake wakaandika kwenye karatasi wakawa wanamjazia. Kila wiki mzee anawanunulia soda, wanamjazia. Ikaja siku ya mwisho ya kujaza kitu fulani, mmoja kaenda kwao Makambako kuna msiba, mwingine simu haipatikani, na karatasi ya nywila anayo huyo wa Makambako. Mzee alikaa ofisini mpaka saa kumi na mbili jioni anaangalia kishikwambi kama anaangalia jeneza. Mtu wa miaka 57, kiongozi kanisani, wajukuu wanne. Alivyoniomba msaada alinong'ona.

Kwa mzee huyu nilianza na jambo lingine kabisa, mfumo tuliuacha ukae kwanza. Nilimfungulia ramani ya setilaiti nikamwambia mwalimu, tafuta Ziwa Ngozi, mi nipo hapa. Nikakalia mikono, kweli kweli, kwenye benchi la stafu. Akaanza. Kavuta vidole vibaya tukajikuta Kongo. Kavuta tena tukajikuta baharini, bluu tupu, akanigeukia kwa hofu akasema nimeiharibu, nikamwambia sijui mwalimu, angalia. Akabana vidole, dunia ikarudi. Hapo ndo niliona uso umebadilika, yani aligundua kwamba ukipotea unaweza kurudi mwenyewe. Akaitafuta Afrika, akashuka, Ziwa Nyasa, akapanda kidogo, Tukuyu, Mlima Rungwe, akapeleka pembeni, likatokea ziwa limekaa ndani ya msitu kama jicho. Akakaa kimya. Ziwa la kreta, kalifundisha karibu miaka thelathini, kila mwaka analichora. Afu akasema, "Kumbe nimekuwa nalichora mviringo sana."

Kesho yake kaja na swali la mfumo mwenyewe, lakini kwa sauti ya kawaida. Sahivi anajaza. Polepole, kwa kidole kimoja, na karatasi ya nywila kaidai ikarudi kwake. Ila ramani bado anachora kwa chaki na mi nipo upande wake. Wale vijana wa ajira mpya walirusha ramani ukutani kwa projekta, nzuri, ina rangi, wanafunzi wakaiangalia kama wanavyoangalia mpira, kengele ikalia, hakuna aliyechora hata mstari. Kwa yule mzee mkono wa mtoto unatembea na mkono wa mwalimu kutoka Moroko hadi Moroko. Sijaona kifaa cha kubadilisha hicho.

Kuna kitu nilikosea tena kwa Baba nikisema kweli. Alivyozoea akawa na daftari la simu. Mtindo wa mwalimu, hatua kwa hatua, kwa mwandiko ule wao wa zamani uliolala: "1. Gusa alama ya kijani yenye simu ndani. 2. Gusa maandishi ya pili kutoka juu." Nikafurahi, nikalipiga picha nikaweka stetasi. Sikujua ni bomu. Asubuhi moja ananipigia kwa kitochi, sauti ya chini, "Mwanangu, kuna mtu ameingia kwenye simu yangu usiku kapanga upya vitu vyote." Alidhani mwizi. Kumbe apu imejisasisha yenyewe, kitu kilichokuwa juu kimeshuka chini, na daftari zima limekufa. Kurasa kumi na moja. Mtu umemwambia haiharibiki, haya.

Alikasirika siku mbili tatu, kisha akaanza daftari jipya, ila safari hii hakuandika hatua. Aliandika alama. Kachora kwa kalamu, nukta tatu zimesimama, pembeni kaandika "hapa ndipo wanapoficha mambo." Kachora lenzi, "tafuta". Kachora mshale umepinda, "rudi." Mi nimesoma kompyuta kwa cheti na hakuna aliyewahi kuniambia kwa ufupi vile kwamba zile nukta tatu ndipo wanapoficha mambo. Natumia sentensi hiyo darasani mpaka leo.

Na msije mkadhani wazee ndo wanaopigwa mtandaoni. Baba alitumiwa ile meseji yetu ya taifa, ile hela tuma kwenye namba hii. Unajua alifanya nini? Aliisahihisha. Mtu kaandika "iyo ela", Baba akamjibu, "Hiyo hela. Rudia." Hajajibiwa hadi leo. Ila mdogo wangu wa kiume, kijana wa digrii, vidole vina kasi kama cherehani, aliingia kwenye apu moja ya kulaiki video unalipwa, kaweka laki tatu, kaona namba inapanda kwenye skrini, kaongeza, siku ya kutoa apu haifunguki. Alikuja kusimulia nyumbani Krismasi, Baba akamuuliza swali moja tu, ulisoma maandishi yote kabla hujagusa? Kimya.

Hilo la kutosoma ndo linanisumbua sana darasani. Simu shuleni haziruhusiwi lakini likizo wanashinda nazo, na siku hizi kuna hizi akili bandia za kuandikiwa. Nilitoa kazi ya likizo, insha, eleza ulivyotumia likizo yako. Kijana mmoja alienda kwa bibi yake Kyela. Kyela jamani, joto, kokoa, mchele, mbu. Insha inaanza, "Asubuhi hiyo theluji nyepesi ilikuwa ikidondoka juu ya mapaa." Nikamwita. Theluji Kyela? Akaangalia daftari lake kama analiona mara ya kwanza, na nadhani kweli ilikuwa mara ya kwanza. Akasema, "Madam, samahani, hapo sikusoma."

Sikumchapa wala sikumpeleka popote. Nilikaa nikafikiria penseli iliyochongwa na daftari lenye tarehe. Sasa kila Ijumaa kipindi cha mwisho tuna kitu darasa zima wanakiita redio. Kalamu chini, nasoma habari ya kurasa mbili mara moja, naisoma vizuri, kwa pozi kama mtangazaji. Nikimaliza nafunga kitabu, ndo wanashika kalamu waandike walichosikia. Wiki ya kwanza kulikuwa na kelele. Madam rudia! Madam hapo katikati! Madam yule wa pili alikuwa anaitwa nani? Redio hairudii. Wiki ya kwanza wengi waliandika mistari minne. Yule wa theluji sahivi anajaza ukurasa na nusu, na juzi kanikamata mimi mwenyewe nimeruka aya. Wanachukia hicho kipindi, siwezi kuwasingizia kwamba wanakipenda.

Baba naye ana wanafunzi, wastaafu wenzake watatu na mama mmoja anayeuza maziwa, wanakuja barazani Jumapili baada ya ibada. Nilimkuta siku moja kakaa kwenye kiti kakalia mikono, mzee mmoja anahangaika na simu mbele yake, mi nikasogea nataka kuonyesha, Baba akanitolea jicho la mwaka 1985, nikarudi jikoni.

Nyumbani kwangu sasa zamu imegeuka. Shule yetu ilikuwa na mahafali nikapewa kazi ya kutengeneza video fupi, nikamwomba mwanangu anifundishe kuunganisha. Ana miaka 14. Akanifundisha kama nilivyomfundisha babu yake, yani alichukua simu, vidole vikaruka, tak tak tak, "umeona mama?" Nimeona. Sijaona chochote. Lete mama nikufanyie tu. Nikamwambia hapana, kaa pale kitandani, kalia mikono. Akaanza kulalamika bando linaisha, nikamwambia litaisha. Akakalia.

Nikaanza. Nimekata kipande, nimeunganisha, nimeweka muziki, kichwa kinaniuma, mtoto anatingisha miguu. Nikagusa kitu, sijui nini, video yote ikapotea kwenye skrini. Dakika arobaini za kazi. Moyo ukadunda, kidole kikasimama hewani.

"Mama, rudi nyuma basi."

"Wapi?"

Akaanza kuchomoa mkono mmoja chini ya paja. Nikamwangalia. Akaurudisha.